Besi la Kupanda Nalo Basi

Ukitaka kujua ukubwa wa gitaa la besi, usilipime kwa rula. Panda nalo matatu ya kwenda tao saa kumi na mbili asubuhi. Besi la kawaida lina urefu wa karibu sentimita 117, na likiwa ndani ya mfuko wake linapita hapo. Halikai chini ya kiti. Halikai kwenye keria. Ukilisimamisha katikati ya magoti, kichwa chake kinagonga paa kila dereva anapopita tuta. Konda ataangalia mfuko, atakuangalia wewe, kisha atasema kile makonda wote wa Nairobi husema: "Madam, hiyo italipa kiti."

Kwa miaka minne nililipa. Kila Jumamosi, kutoka Kahawa West hadi mazoezini Eastlands, nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Sikulalamika. Bendi yetu haina jina kubwa, tunapiga harusi na mara mojamoja baa fulani ya rumba, lakini ndiyo saa pekee ya wiki ambayo simu yangu huwa siikumbuki.

Halafu nikapata kazi Lodwar. Kandarasi ya mwaka mmoja: wiki tatu huko, wiki moja Nairobi. Kwa barabara ni kama kilomita 700 kupitia Kitale, na unashuka basi ukiwa umekunjika kama leso. Marafiki waliniambia niliache besi kwa keja. "Si utalikuta tu?"

Gitaa ningelikuta, ndiyo. Nilichoogopa ni kingine, na nilikijua kwa sababu nililelewa nacho nyumba moja.

Baba yangu alikuwa karani mchana na mpiga besi usiku, kwenye mahoteli ya Mombasa, enzi zile watalii walikuwa wanachezewa chakacha na rumba hadi usiku wa manane. Siku moja akapewa barua ya uhamisho, bara, mbali. Basi lilikuwa limejaa, mizigo ilikuwa mingi, mama alikuwa mjamzito. Gitaa likabaki kwa rafiki yake Kisauni, "kwa muda." Muda ukawa miaka sita. Nilipomuuliza kama alilia alipokuta rafiki kahama na gitaa halijulikani liliko, alicheka. "Gitaa ningenunua jingine, mwanangu. Mkono ndio uliohama." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayezungumzia jino lililong'oka zamani. Hajashika besi tena tangu hapo.

Kwa hivyo nilipopata barua yangu ya kazi, nilikuwa na swali moja tu: ni besi gani lenye bei ninayoweza, ambalo litaingia kwenye basi bila mjadala? Bajeti: elfu kumi na tano, pamoja na kila kitu.

Nikianza kutafuta, jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba "fupi" ina maana mbili, na wauzaji wengi wanazichanganya. Kuna urefu wa gitaa zima, na kuna urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka nati, pale shingo inapokutana na kichwa, hadi kwenye daraja. Besi la kawaida lina uzi wa inchi 34. Kipimo hicho kilienea kupitia Precision Bass ya Leo Fender, iliyotoka Marekani mwaka 1951. Na ukijua gitaa hilo lilikuja kuchukua nafasi ya nini, hutamcheka tena mtu mwenye besi dogo. Kabla yake, mpiga besi alikuwa anabeba lile zeze kubwa la kusimama, refu kuliko yeye mwenyewe, kutoka ukumbi hadi ukumbi. Kwa maneno mengine, besi la umeme lenyewe ni chombo cha msafiri. Hizi inchi 34 tunazoziona kama sheria zilikuwa ni kupunguza.

Na watu waliendelea kupunguza. Höfner ya umbo la fidla, ile Paul McCartney aliyoinunua Hamburg mwaka 1961, ina uzi wa kama inchi 30. Aliichagua kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, na kwa sababu umbo lake limelingana pande zote mbili, hivyo halikuonekana la ajabu likigeuzwa kwa mtu wa mkono wa kushoto. Pesa kidogo, na lifae mwili wako. Sababu hizo mbili zinatosha hata leo.

Sasa, ukifupisha uzi kuna kitu unakilipia, na ni vizuri ujue bei yake mapema. Uzi mnene zaidi wa besi, E, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ukitaka uzi uleule utoe sauti ileile ukiwa mfupi, lazima uulegeze. Na haulegei kidogo: mvuto unapungua kwa mraba wa urefu. Ukitoka inchi 34 hadi 28.6, unapoteza karibu asilimia 29 ya mvuto. Ukishuka hadi inchi 21, unabaki na chini ya asilimia 40. Hapo uzi wa chuma wa kawaida unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo: unapiga, unayumba, sauti inapotea. Dawa ni kubadilisha uzi wenyewe, uwe mzito zaidi au wa kitu kingine kabisa.

Nilizunguka maduka ya vyombo vya muziki katikati ya jiji Jumamosi mbili, nikarudi na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni yale yasiyo na kichwa, mtindo ulioletwa na Ned Steinberger mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uzi unabaki inchi 34, ila vigingi vya kukazia vimehamishiwa chini, kwenye daraja. Ni wazo la akili sana: mkono wako haujui kuwa kuna kitu kimebadilika. Lakini gitaa bado linakaribia mita moja, na bei niliyotajiwa ilinifanya nishukuru kistaarabu na kuondoka.

Kundi la pili ni ya inchi 28.6, kama Ibanez Mikro. Hili ni besi halisi lililonywea kidogo. Nyuzi za chuma, pikapu za kawaida (si ya kubeba mahindi, ni ile sumaku inayosikiliza nyuzi), na sauti ambayo ukifumba macho huwezi kubishana nayo sana. Nafasi ya freti ya kwanza, kutoka nati, ni kama milimita 41, badala ya 48 za besi kubwa. Kwa mtu anayeanza, mwenye vidole vifupi, au anayekaa bedsita, ningesema nunua hilo na ufunge mjadala. Nilikaa nalo dukani nusu saa. Kisha nikalisimamisha, nikaliangalia, nikamwona konda. Lilikuwa bado ni mita moja ya gitaa.

Kundi la tatu lilikuwa limening'inizwa pembeni, juu ya tarumbeta za plastiki. Besi la ukulele. Uzi wa inchi 21 hivi, gitaa zima kama sentimita 75, mwili wa mbao ulio wazi ndani. Kala ndio waliolifanya lijulikane, na siku hizi kuna ya bei ya chini yasiyo na jina lolote. Nyuzi zake ni nene, nyeusi, laini, za polyurethane. Ukizishika unafikiri ni mpira wa kufungia mzigo kwenye boda.

"Siste, hiyo ni ya watoto," kijana wa duka akaniambia.

"Ichomeke tu, boss."

Akaichomeka. Nikapiga A. Ile sauti ilitoka sakafuni. Haikuwa sauti ya besi la umeme. Ilikuwa nzito, ya mviringo, inayokufa mapema, karibu sana na lile zeze kubwa la kusimama. Wateja wawili waligeuka kutafuta inatoka wapi. Kijana naye akanyamaza kidogo, kisha akaongeza bei.

Sikununua pale. Nilipata lililotumika kutoka kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anamaliza masomo: 11,000. Kuagiza jipya kutoka nje nilishapigia hesabu nikaachana nalo, kwa sababu usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16 vinaweza kugeuza kitu cha bei nafuu kiwe cha bei ya kawaida. Pesa iliyobaki ilinunua kikuza sauti kidogo cha hedifoni, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, na kulipa fundi.

Ukienda kuangalia la mkono wa pili, fanya hivi. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12: sauti inapaswa kuwa ileile, ngazi nane juu. Ikipotoka kidogo, fundi anaweza kujaribu. Ikipotoka sana, rudi nyumbani. Angalia pale daraja lilipogundishwa, kama kuna ufa au limeanza kunyanyuka. Fungua mahali pa betri, maana pikapu ya piezo mara nyingi huja na saketi inayotumia betri, na betri iliyovuja huharibu kila kitu kilicho karibu nayo. Uliza nyuzi za akiba zinapatikana wapi, kwa sababu za polyurethane si rahisi kupata na si bei ya karanga. Na usishawishike kuweka nyuzi za chuma kwenye besi lililotengenezewa mpira. Mwili wake haukujengwa kwa mvuto huo. Fundi wangu alishusha nati, ambayo kwenye magitaa ya bei ya chini mara nyingi huachwa juu mno, na vidole vikapumua.

Basi la kwanza la Kitale, nililiweka kwenye keria, juu ya kichwa changu, kati ya sanduku la mtu na katoni ya vifaranga. Hakuna aliyeniuliza chochote. Sikujua kimya cha konda kinaweza kuwa kitamu hivyo.

Lodwar ina joto lake, na nyuzi hizi zinalijua. Mchana nyuzi zinalegea, usiku zinakaza, na zilipokuwa mpya zilinyooka kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Nimezoea kutuni kila ninapokaa, kama mtu anayepangusa miwani. Jasho likizidi, vidole vinanata kwenye mpira. Poda kidogo ya mtoto inamaliza kesi hiyo. Spika ya simu haina faida hapa, haiwezi kutoa mitetemo 41 hata ukiiomba. Hedifoni ndiyo kila kitu. Chumba nilichopanga kina ukuta mwembamba, na jirani yangu hajui hadi leo kuwa kila saa mbili usiku kuna rumba kamili inapigwa upande wa pili.

Je, mkono unabaki? Swali hili ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Freti ya kwanza kwenye hili dogo ni milimita 30, kwenye kubwa ni 48. Hiyo si tofauti ndogo. Niliporudi wiki ya kwanza na kushika besi langu la zamani mazoezini, mkono wa kushoto ulitua kabla ya kufika, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani zimeisha. Dakika kumi hivi. Kisha ukakumbuka. Ngozi za ncha za vidole zilikuwa zimelainika, nyuzi za chuma ziliuma, lakini mkono wa kulia ulikuwa haujapoteza kitu. Muda ulikuwa pale pale. Mpiga ngoma wetu, ambaye hasifu mtu, alisema, "Uko ndani," akaendelea kukaza ngoma yake.

Hapo nikaelewa nimekuwa nikibeba nini kwenda Lodwar na kurudi. Kazi ya besi si umbali wa freti, ni kujua lini uingie na lini unyamaze. Sikiliza Tom Malanga kwenye Les Wanyika: noti chache, zinazojua mahali pake, na wimbo mzima umekaa juu yake. Elimu ya namna hiyo inaweza kusomewa kwenye inchi 21. Haiwezi kusomewa kwenye gitaa lililo nyuma ya mlango, kilomita 700 kutoka ulipo.

Ungeniuliza ni besi gani bora, ningekujibu kwa maswali. Unapanda nini kila wiki? Unalala na nani, na ukuta wake una unene gani? Unarudi kwenye besi kubwa mara ngapi? Kama unarudi kila siku, chukua la 28.6, chuma kitakutunzia vidole. Kama unaondoka sana, chukua lile ambalo hutalionea uvivu kulibeba.

Nilimtumia baba video fupi. Alikaa siku mbili bila kujibu, nikadhani hajaweza kuifungua. Kisha akapiga simu, na hakusalimia.

"Hiyo yaingia kwa basi?"

"Yaingia, baba."

"Juu au chini?"

"Juu. Kwenye keria."

Nilimsikia akihema. "Basi Disemba uje nayo," akasema. "Na uje na hiyo poda. Mombasa kuna jasho."