Katika Matatu za Nairobi

Msafiri atokaye Kongo na kufika Nairobi kwa mara ya kwanza hastaajabii majumba, kwa maana majumba makubwa alikwisha kuyaona Kinshasa na Lubumbashi. Hustaajabia magari ya abiria. Yamepakwa rangi za kila namna, yamechorwa nyuso za waimbaji na wachezaji wa mpira, na ndani mwake muziki hupigwa hata vioo vikatetemeka. Hayo ndiyo matatu. Siku yakigoma, nusu ya mji huenda kazini kwa miguu.

Jina lao lina asili yake. Zamani nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo Wakikuyu waliziita mang'otore matatu. Mabasi ya kampuni yalikuwa yameanza mjini tangu mwaka 1934, lakini hayakufika kila mtaa wa maskini. Matatu yalifika, yakiwakwepa polisi, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoyapa ruhusa. Mwaka 2004 waziri John Michuki aliyatia adabu: kila kiti kiwe na mkanda, mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, gari lipigwe mstari wa manjano, na watumishi wake wavae sare. Wenye magari walinung'unika sana. Hata leo mstari wa manjano waonekana. Habari za mikanda tusiulizane.

Basi, wasomaji wapenzi, fikirini mji wa mamilioni ya watu usiokuwa na ramani ya magari yake. Njia zote zilikaa katika vichwa vya watu. Mgeni aliuliza, akaelekezwa, akauliza tena. Ndipo tangu mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakisaidiwa na wataalamu wa vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia, walipoanza kupanda matatu wakiwa na simu mikononi. Kila gari liliposimama, waliandika jina la mahali, na simu ikahifadhi mahali penyewe. Hivyo walizipita njia zaidi ya 130. Mwezi wa Januari 2014 wakatoa ramani ya karatasi, yenye mistari ya rangi kama ramani za treni za Ulaya, na mwaka 2015 njia hizo zikaingizwa katika Google Maps, mtu yeyote mwenye simu janja azione.

Kazi hiyo twaisifu kwa moyo wote, lakini ina kasoro iliyotoka mbali. Kanuni za kuandikia safari za mabasi katika kompyuta zilitungwa mwaka 2005 kwa ajili ya mji wa Portland huko Marekani, ambako basi huondoka kwa saa iliyoandikwa. Matatu huondoka likijaa. Ikabidi muda ukadiriwe tu. Simu ikikuambia kwamba utafika kwa dakika arobaini, hilo ni kisio, wala dereva hakuahidi neno.

Tuliyaona hayo wenyewe. Tulikuwa karibu na Basilika ya Familia Takatifu, nasi tulitaka kwenda upande wa Karen na Lang'ata, ambako watawa wengi wa Kongo husoma. Huko ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichoanza kama taasisi, nayo ikazinduliwa mwaka 1985 na Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi. Programu moja ya simu, kwani ziko nyingi siku hizi, ilituambia tupande namba 24, ikatupeleka hadi njia fulani. Hapakuwa na gari la namba 24 hata moja. Mama mmoja muuza njugu akatuambia bila hata kuinua macho, "Hao walihamishwa. Vukeni, mpite pale kwa viatu." Tukavuka, tukapita kwa viatu, tukaliona gari.

Kisha mvua ikanyesha. Nauli iliyokuwa shilingi 80 asubuhi ikawa 150, na utingo, ambaye watu wa Nairobi humwita makanga, akaitangaza bila haya. Hakuna simu iliyotuonya. Dereva naye, alipoona msongamano wa magari mbele, akaiacha barabara kuu akaingia vichochoroni, na kile kitone chetu cha buluu kikatembea mahali pasipo na mstari wowote.

Habari ya malipo ni ya kufikiriwa zaidi. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zote zilipwe kwa kadi. Mwaka mmoja kabla yake Google pamoja na benki ya Equity walikuwa wametoa kadi iitwayo BebaPay. Mwaka 2015 ikafungwa. Amri ya serikali nayo ikafifia. Sababu si ngumu kuziona. Kadi zilikuwa za kampuni nyingi zisizopatana. Makanga hula kwa fedha za siku ile ile, na kadi ingemwonyesha tajiri wa gari kila senti, pamoja na zile zinazopotea njiani kwa mambo yasiyoandikiwa risiti. Kumbe wakati huo huo abiria walikuwa na njia nyingine mifukoni mwao: M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, nasi Kongo tukaipata mwaka 2012. Hiyo haidai simu ya bei kubwa. Simu ya vitufe yatosha, wala haihitaji intaneti. Kwa maoni yetu watengenezaji wa programu wangejifunza mengi katika jambo hilo kama wangepanda namba 24 siku ya mvua. Tulimwona mwanamume mwenye kofia ya mjengo akilipa kwa simu iliyofungwa kwa mpira, akimsomea makanga ujumbe wa malipo.

Mbele yetu aliketi bibi mzee asiye na simu wala shilingi 150. Makanga alimtazama, akachukua zile 80 alizokuwa nazo, akasema, "Shosho, keti tu." Hatumfanyi makanga kuwa malaika kwa ajili hiyo. Mwezi wa Novemba 2014 wanawake waliandamana katika barabara za Nairobi kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo na wanaume wa kituoni, waliodai kwamba amevaa vibaya. Wazazi wa Kongo wenye binti anayesoma Nairobi wana haki kabisa ya kuuliza anasafirije jioni.

Swali hilo tulimwuliza msichana wa Bukavu, mwanafunzi, aliyetupokea Karen. Alicheka, akasema, "Baba, mimi ninaishi na shangazi, naye hana mchezo." Kisha akatueleza desturi yao. Kabla ya kupanda hupiga picha ya namba ya gari na kumtumia shangazi. Gari lenye vijana wengi na abiria wachache halipandi, hata likiwa la mwisho. Akikwisha kuketi, humfungulia shangazi ile ramani inayoonyesha mahali alipo, na shangazi huiweka simu juu ya meza ya jikoni, akipika huku akiitazama. Kitone kikisimama mno mahali pamoja, hupiga simu. Mara nyingine ni msongamano tu. Mara moja gari lilikuwa limeharibika gizani, na shangazi akaja na jirani mwenye motokaa kumchukua.

Tulipoagana naye ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na matatu ya kwenda mjini yalikuwa yakijaa. Alilisogelea moja, akachungulia ndani, akaliacha. La pili alilipiga picha, akapanda.