Jezi Mpya, Miguu Ile Ile

Kuna neno moja ambalo mchezaji wa mpira hapa Dar es Salaam analiogopa kuliko kadi nyekundu. Neno lenyewe ni galasa. Asili yake ni kwenye karata. Galasa ni ile karata isiyo na pointi, ambayo ukipewa unakunja uso na kutafuta nafasi ya kuitupa. Kutoka barazani neno likahamia uwanjani, na siku hizi mshambuliaji akikaa mechi tano bila kutikisa nyavu, jukwaa zima linamzomea: galasa huyo, mtoeni! Na likishakubandika neno hilo, ndugu msomaji, halitoki kwa sabuni.

Swali langu ni hili: mtu aliyekwisha itwa galasa katika timu moja, anaweza kuhamia timu nyingine akafufuka? Au anahamisha ugonjwa wake tu, kama mgonjwa anayebadilishwa kitanda?

Kijiweni kwetu Temeke swali hili limetugawa makundi mawili. Kundi la kwanza linasema mpira uko mguuni, hauko kwenye jezi. Mguu ukishalala umelala, hata ukiuvika jezi ya dhahabu. Kundi la pili linasema mche ukinyauka kivulini, usiung'oe ukautupa, uhamishie juani kwanza. Ubishi huu unaweza kuanza saa kumi jioni na ukaisha pale muuza kahawa anapofunga deli lake.

Kwangu mimi si ubishi wa kupitisha muda. Mtoto wa mama mdogo, ambaye ni mdogo wangu kabisa maana tumelelewa nyumba moja, ni mshambuliaji. Msimu uliopita timu moja ya mkoani ilimsajili kwa mbwembwe. Akacheza mechi kumi na moja, mabao sifuri, kisha akaambiwa asante. Alirudi Dar na begi moja, na kwa majuma mawili akawa anatoka nje baada ya magharibi tu, gizani, ili watu wasimuulize habari za huko. Ana miaka 23. Juzijuzi timu moja ya Kinondoni, ya ligi ya wilaya, imemwita. Malipo yenyewe ni nauli na soda.

Mama mdogo hataki hata kusikia. Kuna ndugu wa marehemu baba yao amejitolea kumlipia dogo ada ya kujifunza udereva, na mtu akijitolea leo, kesho hela inaweza kuwa imepata safari nyingine. Nilipokwenda kumsalimia, shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri akanirukia: "Marahaba. Hebu kaa hapa uniambie. Mpira umeshamkataa mwanangu. Kwa nini yeye haukatai mpira?"

Sikuwa na jibu. Jioni yake dogo mwenyewe akanifuata. "Braza, wewe unayesomasoma, niambie ukweli. Niende au niache?"

Nikamwomba siku tatu. Sikutaka kumpa maneno ya kumfariji, kwa sababu maneno ya kufariji hayalipi ada ya udereva. Nikaanza kuwatazama waliokwisha pita njia hiyo. Nikakuta wawili ambao mashabiki wa hapa mjini tunawajua vizuri: Emmanuel Okwi, Mganda, na Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala hapa hapa Temeke. Tazama mambo: Samatta alizaliwa Desemba 23, 1992, Okwi Desemba 25 mwaka ule ule. Na waliwahi kuvaa jezi moja, ya Simba, kabla Samatta hajachukuliwa na TP Mazembe mwaka 2011.

Tuanze na Okwi. Januari 2013 Simba walimuuza Etoile du Sahel ya Tunisia kwa bei iliyotangazwa kuwa dola 300,000. Mambo ya huko yakaishia kwenye mivutano. Akapitia SC Villa ya kwao, Desemba 2013 akaibukia Yanga, mwaka 2014 akarudi Simba, na 2015 akaenda SønderjyskE ya Denmark. Huko benchi likawa kiti chake. Alipoonekana tena SC Villa mwaka 2017, washkaji wengi walishamfungia hesabu. Jamaa amekwisha huyo, walisema. Simba wakamchukua tena. Msimu wa 2017/18 Okwi akapachika mabao 20, akawa mfungaji bora wa ligi, na Simba wakatwaa ubingwa walioukosa tangu 2012. Mwaka 2019 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri akaifungia Uganda mabao mawili. Galasa gani huyo?

Kundi la pili hapa wanapiga makofi. Wasubiri kidogo.

Samatta alipanda ngazi bila kuruka kidato. Akiwa na Mazembe alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mbagala haikulala.

Lakini alikwenda kwenye nyumba inayoungua. Villa walikuwa wanapigana wasishuke daraja, na mshambuliaji wao Wesley alikuwa ameumia. Timu inayojihami muda wote haina krosi za kumpelekea mtu wa mbele. Alifunga dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga tena kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Machi 1, 2020, Villa wakilala 2-1 mbele ya Manchester City. Siku chache baadaye ugonjwa wa korona ukasimamisha mpira mpaka Juni. Hesabu ya mwisho ikawa mechi 14 za ligi, bao 1. Villa walinusurika siku ya mwisho, na mwezi Septemba wakamnunua Ollie Watkins. Samatta akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Hakupewa hata msimu mmoja mzima.

Kutoka Uturuki akaenda Antwerp, na mwaka 2022 akarudi Genk kwa mkopo, nyumbani kabisa, kwenye uwanja ule ule uliokuwa ukiimba jina lake. Yale mabao 23 hayakurudi naye. Hapa ndipo kundi la kwanza linaposimama: si tulisema, mguu ukishalala umelala! Nao wasubiri. Mwaka 2023 akahamia PAOK ya Thessaloniki, na Mei 2024 PAOK wakatwaa ubingwa wa Ugiriki. Mabao yake kule hayakufika hata nusu ya yale ya Ubelgiji. Hakuwa tena mtu ambaye timu nzima inamsubiri yeye afunge. Lakini medali ya ubingwa ilikuwa shingoni mwake.

Nikakaa na hawa wawili kichwani. Mmoja karudi nyumba ya zamani akang'ara, mwingine karudi nyumba ya zamani hakung'ara, kisha akapata ubingwa kwenye nyumba ngeni. Kwa hiyo dawa si upya wa timu, wala si uzamani wake. Basi ni nini?

Jibu nililipata nilipolirudia lile neno la karata. Anayecheza karata anajua kwamba ikipinduliwa turufu ya kopa, galasa la kopa linakula ree ya shupaza. Ree, karata kubwa kuliko zote, inaliwa na kigalasa! Na karata yenyewe haijabadilika hata doa moja. Kilichobadilika ni mchezo unaochezwa siku hiyo.

Okwi wa 2017 alikuta Simba iliyojaa watu wa kumlisha na kumsaidia. John Bocco alikuwa ametoka Azam na Haruna Niyonzima ametoka Yanga, wote mwaka ule ule. Mabeki walikuwa na wengi wa kuwatazama, na Okwi akapata nafasi ya kukimbia. Samatta naye pale Ugiriki alikuta timu isiyomtaka awe yule wa 2019. Ilimtaka awe mmoja kati ya kumi na moja, na kazi hiyo aliiweza.

Hapo nikamwelewa hata mdogo wangu. Tangu utoto wake pale Mwembe Yanga, dogo ni mtu wa kutokea kushoto na kuukimbilia mpira kwenye nafasi. Kule mkoani walimsimamisha katikati, mgongo kwa goli, mipira mirefu inadondoka kichwani kwake kama maembe. Ni mfupi kuliko mimi. Mechi kumi na moja za namna hiyo, ukimwita galasa unakuwa umesoma karata bila kuuliza turufu.

Nyinyi wenzangu mnaoshika kalamu mnalijua jambo hili. Kuna hadithi inarudishwa na mhariri mmoja kwa ubaridi, ikaenda kwa mwingine ikapokewa, na hakuna koma iliyohamishwa. Ila tusidanganyane: kuna hadithi nyingine hurudishwa na wote, na haki yao. Turufu haimsaidii aliyekaa mezani bila karata. Goti bovu halijui umehamia Kinondoni au Barcelona, na pumzi isiyofanyiwa mazoezi inakatika kwenye jezi yoyote.

Basi siku ya tatu nikamwambia dogo: usiniulize mimi, kamuulize kocha maswali matatu. Utanisimamisha wapi? Nani atanipa mpira? Utanipa mechi ngapi kabla hujanihukumu? Akikujibu kwa kukupigapiga bega tu, rudi ukasome udereva kwa moyo mweupe. Akikujibu kama mtu aliyekwisha fikiri, saini.

Kwa mama mdogo nikaenda na ombi dogo zaidi. Nikamwomba akubali vyote viwili, udereva asubuhi na mpira jioni, mpaka ligi ya wilaya iishe. Alinyamaza muda mrefu akichambua mchele. "Asubuhi ya darasa akichelewa hata mara moja," akasema, "viatu vyake vya mpira nitampa mtoto wa jirani."

Kocha alijibu. Kushoto, akasema. Mechi sita. Dogo ameshacheza tatu. Bao bado, lakini ametoa pasi mbili za mabao, na darasani hajachelewa. Zimebaki mechi tatu na majuma manane ya udereva.