Sukari Guru Ishukapo Pwani

Sukari guru tuinunuayo Marikiti, Mombasa, nyingi hutoka bara ya magharibi, katika mashamba ya miwa ya upande wa Kakamega, na husafiri zaidi ya kilomita 800 juu ya lori. Huko hupikwa kwa moto wa makapi ya miwa hiyo hiyo, hata maji yake yakawa mazito, kisha humiminwa yagande. Donge jema lilipoapo huwa gumu, nalo hulia likigongwa.

Likishuka pwani hukutana na hewa nyingine. Sukari guru haikusafishwa kama sukari nyeupe. Imebaki na glukosi, fruktosi na madini ya muwa, navyo huvuta maji kutoka hewani. Wakati wa kaskazi hustahimili. Masika yakiingia, uso wake hutoka jasho na kunata, rangi hukoza, na chachu huanza kazi yake. Mwisho hunuka tembo, na hapo hakuna mama atakayeitia katika uji wa futari.

Tulisimama mbele ya maduka mawili sokoni. La kwanza lilirundika magunia ya nailoni juu ya saruji tupu, yakiegemea ukuta. Yale ya chini yalikuwa yamelowa na siafu wameshajua njia. Gunia lililofumwa lina vitundu, halizuii mvuke. La pili liliyainua juu ya vichanja vya mbao, kila gunia likiwa na mfuko mzito wa plastiki ndani, na likifunguliwa moja baada ya moja. Bei ilikuwa ile ile, jambo ambalo kwetu si haki.

Hata hivyo, plastiki nayo ina masharti. Donge likifungwa lingali na joto, mvuke wake hukosa pa kutokea na kugeuka maji humo ndani. Kosa hilo hufanyika kiwandani, sisi hulilipia huku.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2017, muuzaji aghalabu hukufungia pande lako katika karatasi, nayo hunyonya unyevu na kugandamana nalo. Afadhali kwenda sokoni na kopo kavu lenye mfuniko wa kukaza. Nyumbani likae mbali na mvuke wa jiko, na kijiko chenye maji kisiingie. Ramadhani ikiangukia masika, tununue ya juma moja tu.