Namba 6 Wawili

Lori la kiwanda halikuwa na saa. Tulichojua ni kwamba litakuja, na kwamba halitakuja mapema, kwa hiyo jua likianza kulegea tulitua vikapu kwenye kibanda cha kununulia majani, tukajipanga juu ya ukuta mfupi wa mawe, huku majani mabichi yakianza kupata joto na kutoa ile harufu tamu yenye ukakasi ambayo hata leo ikinipitia puani nasikia njaa. Bayingi, ndivyo tulivyokiita. Kila kijiji kilichopeleka chai kiwanda cha Kebirigo kilikuwa na bayingi yake, na kila bayingi ilikuwa na bunge lake.

Hoja ya bunge letu, msimu baada ya msimu, ilikuwa moja: nani aliyeistahili namba. Nani namba 7 bora aliyepata kuichezea timu ya Shabana? Nani 9? Je, namba 4 wa sasa angemweza namba 9 wa miaka mitatu iliyopita? Wanaume waliochuma tangu umande, waliokuwa wakilalamika mgongo njia nzima, waliruka kutoka ukutani na kuonyeshana kwenye vumbi vile beki fulani alivyogeuzwa mpaka akakaa chini. Shangazi yangu, ambaye kilo zake ziliwashinda wengi wao, alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kila mara: "Na hizo namba, jioni mnazisongea ugali?" Hakujibiwa hata siku moja.

Vijana wa siku hizi nikiwaambia "namba 6" wanatafuta mgongo wa mtu. Sisi tulitafuta mahali uwanjani.

Maana namba ilikuwa mahali. Moja alikaa golini, mbili beki wa kulia, tatu wa kushoto, nne na tano katikati, sita mbele yao akizuia mafuriko, saba na kumi na moja pembeni wakila chaki, nane na kumi wakipika, tisa akila. Aliyeanza mechi mahali hapo ndiye aliyevaa jezi hiyo, na akiumia Jumatano, Jumapili jezi ilikuwa imeshafuliwa, ikaanikwa kwenye ua wa michongoma, ikavaliwa na mwingine, tena bado ina unyevunyevu kwapani. Hakuna aliyesema "jezi yangu". Ukimwambia kijana kwamba yeye ni namba 3, ulikuwa umemweleza kazi yake na aibu zake zote.

Mimi nilikuwa namba 3.

Jezi za timu ya kijiji chetu zilikuwa za kijani, na namba zake zilikatwa kutoka shuka kuukuu jeupe ambalo mama mmoja alilitoa kwa moyo safi. Kazi ya kushona alipewa fundi aliyekaa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza ya duka pale sokoni Kebirigo. Fundi yule alikuwa mtu wa akili. Aliona kwamba sita na tisa ni umbo lilelile, akakata kiolezo kimoja cha gazeti, akafuatisha zote mbili kwa chaki, akashona vizuri, mshono wa kurudia mara mbili, halafu akasahau kugeuza moja. Tukaingia uwanjani na namba 6 wawili. Refa alituhesabu mgongoni mara mbili, akacheka, akapuliza kipenga. Kufumua kungetoboa kitambaa, na kitambaa kingine hakikuwapo, kwa hiyo mshambuliaji wetu alicheza msimu mzima na baadaye mwingine akiwa 6 mgongoni, na kwa vile alikuwa na kismati cha magoli, kuna watoto waliokua wakiamini kabisa kwamba anayefunga ni namba 6.

Tatu yangu ilishonwa sawasawa, na haikunisaidia. Siku tuliyocheza na wale wa ng'ambo ya mto nilijifunga goli kwa kichwa, kichwa kizuri kuliko vyote nilivyopata kupiga maishani. Kesho yake kule bayingi hakuna aliyeniita kwa jina. "Tatu amefika," walisema, na karani, bila kuinua macho kwenye mizani, akasema, "Leteni kikapu cha Tatu."

Lakini kipimo cha yote kilikuwa Shabana. Ilianza mwaka 1980 mjini Kisii, ikarithi jina la duka la Dogo Khan, Shabana Hardware, na kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga, jina lililokuwa la muuza misumari na mabati likawa jina la Wagusii wote siku ya mechi. Nyamira, iliko Kebirigo, wakati huo haikuwa wilaya. Ilikuja kukatwa kutoka Kisii mwaka 1989, kwa hiyo hatukuwa hata na haja ya kujiuliza kama timu ni yetu au ya jirani. Wachache kwenye ule ukuta walikuwa wamewahi kukanyaga Gusii Stadium. Sisi wengine tuliiona Shabana kwa masikio. Baba alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na betri zilipochoka aliziweka juu ya bati zipate jua tangu asubuhi ya mechi, akizigeuza kila mara kama mahindi ya kuchoma, ili angalau zifike mapumziko. Ukifika mchana, Sauti ya Kenya, na pengine Leonard Mambo Mbotela mwenyewe, akitangaza kwa sauti ambayo ilikuweka kwenye jukwaa hata kama umekaa juu ya kinu.

Sasa, kwenye redio hakuna namba. Mtangazaji anataja jina. Namba tulizivalisha wenyewe. Ndiyo maana mabishano yale hayakuweza kwisha. Henry Motego, katika bunge letu, alikuwa 7 kwa nusu ya wajumbe na 11 kwa nusu nyingine, kutegemea kila mtu akilini mwake alikuwa ameliweka goli la wageni upande gani. Walichokubaliana ni mbio zake tu. Henry Nyandoro walimpa 8, wakampa 10, wakamrudishia 8. Wote wawili waliitwa timu ya taifa, Harambee Stars, na hata huko tuliendelea kuwagawia jezi kana kwamba kocha alikuwa akisubiri barua kutoka Kebirigo.

Siku hizi anayebisha anatoa simu. Dakika moja, kwisha.

Na hapa sina budi kumkumbuka mwalimu mmoja, sasa ni marehemu, aliyesoma gazeti hata la juzi, lile lililofungiwa nyama. Jioni moja alituambia kwamba kwenye Kombe la Dunia la 1982 Argentina walimpa jezi namba 1 mtu asiye kipa. Kiungo! Ukuta mzima uliangua kicheko. Namba 1 acheze katikati, na golini asimame nani, paroko? Mwalimu alijaribu kueleza kwamba Waargentina waligawa jezi kwa kufuata alfabeti, kwamba mtu huyo aliitwa Ardiles, na A ni A. Wakamwambia aende akalale. Jina la Alfabeti likamkaa mpaka uzeeni, na sidhani kama alilipenda. Miaka mingi baadaye kijana mmoja kwenye ukuta uleule alifungua simu yake kwa sababu nyingine kabisa, na pale ndani akaonekana Osvaldo Ardiles, mwembamba, mistari ya samawati na nyeupe, namba 1. Nilitazama picha ile muda mrefu. Tungekuwa na simu wakati ule, mwalimu angeheshimiwa jioni ileile. Ila sasa sijui tungefanya nini na saa mbili zilizobaki kabla ya lori.

Ligi ya Uingereza ilianza kumpa kila mchezaji namba yake ya kudumu, na jina juu yake, msimu wa 1993/94. Sisi tulikuja kuliona jambo hilo baadaye, kwenye ukumbi wa video wa mabati ambako uliingia kwa shilingi kumi na kutoka na kikohozi. Shabana yenyewe ilishuka daraja mwaka 2006, na ndani ya miaka 17 iliyofuata bunge la bayingi lilihama polepole kutoka Kisii kwenda Manchester na London, bila mtu kuaga. Vijana wakajua nani anavaa 23 na nani 66. Namba ilikuwa imeacha kuwa mahali, ikawa mali. Mtu akihamia timu nyingine na kukuta 7 ina mwenyewe, ni habari ya gazeti.

Hakuna anayenichanganya katika hili kama ukoo wa Origi. Mike Okoth alipita Shabana, akapita Kenya Breweries, akaenda Ubelgiji, akacheza Oostende na baadaye Genk, na huko Oostende mwaka 1995 akazaliwa mwanawe, Divock. Mnamo Mei 2019 Divock Origi aliwafunga Barcelona magoli mawili pale Anfield, Liverpool wakashinda 4-0, na fainali dhidi ya Tottenham akafunga goli la pili na la mwisho. Usiku ule wa Barcelona nilikuwa kwenye ukumbi wa Kebirigo, sasa una kochi na televisheni ya ukutani, na tulipiga kelele mpaka mbwa wa soko zima wakajibu. Mtoto wa mtu wa Shabana! Kisha akageuka akikimbilia kona, nikaona mgongo. 27. Nilijaribu kumpanga. Ishirini na saba anasimama wapi? Kushoto kwa nani? Kijana aliyekaa kando yangu alinitazama kwa huruma. "Mzee, hasimami mahali. Ni yake tu."

Mpwa wangu mmoja yuko Minneapolis, ambako Wagusii wamejaa kiasi kwamba unaweza kwenda matangani kila Jumamosi bila kupumzika. Anauguza wazee usiku, na mchana wa baridi amejifunza kupenda hoki ya barafu, mchezo ambao alipojaribu kunieleza kwa simu nilidhani mtandao unakatika. Akaniambia kwamba Wamarekani na Wakanada nao hukaa wakabishana nani aliyeivaa vizuri kuliko wote kila namba, kutoka 1 mpaka 99. Ila 99 ilishafungwa: tangu Wayne Gretzky alipoacha kucheza, hakuna timu yoyote ya ligi yao kuu inayoruhusiwa kumpa mtu mwingine. Wanastaafisha jezi, wanaitundika darini. Nikamwambia hilo mimi naliona ni uchoyo. Jezi ni ya kuvaliwa; sisi tuliivaa hata ikiwa mbichi.

"Ngoja basi," akasema. "Timu ya hapa, Minnesota Wild, wamestaafisha namba 1. Unajua walimpa nani? Mashabiki. Tangu msimu wao wa kwanza, mwaka 2000."

"Mashabiki wana jezi, na hawachezi?"

"Hawachezi. Wanabisha tu."

"Hiyo ni bayingi," nikasema, na nikalala nikiwa nimewasamehe kidogo.

Shabana walirudi Ligi Kuu mwaka 2023. Kelele ya mashabiki, Tore Bobe, ikarudi midomoni mwa watu waliokuwa hawajazaliwa ilipotoka, na siku ya mechi Kisii magari ya mashabiki yanapita hapa yakiwa na watu madirishani mpaka kiunoni. Wamevaa jezi nzuri, za dukani, na wengi wameandikisha majina yao wenyewe mgongoni. Nyaboke 10. Sijui Nyaboke anapika nini pale katikati, lakini yuko uwanjani, amelipa tiketi yake. Zamani kwenye ule ukuta mwanamke alisikika akiuliza habari za ugali tu. Baada ya Junior Starlets kufika Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la rika lolote, binti yangu wa mwisho hanipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Bado tunachuma. Bayingi imepigwa rangi, na mizani ya kuning'inia imeondoka pamoja na dole gumba la karani ambalo tulilishuku siku zote. Ya sasa ni ya betri. Karani anabonyeza namba ya mkulima, kikapu kinatua, na kikaratasi kinatoka kikilia kama panya. Hapo zamani namba hiyo iliitwa kwa sauti, nasi tulijuana kwayo. Baba alikuwa mtu wa tarakimu nne, akiitwa anaitikia kama askari. Alipofariki shamba lilikuja kwangu, na namba ikafuata shamba. Kila wiki kikaratasi kinatoka na namba ya baba, kilo ni zangu.

Juzi binti alibeba kikapu cha pili. Alikuwa amevaa jezi nyekundu ya mtumba aliyoichagua mwenyewe sokoni, 27 mgongoni, imefifia. Mzee mmoja aliyebaki kutoka bunge la kwanza alimtazama akipita, akamwita arudi, akamgeuza.

"Hiyo ni ya nani?"

"Origi."

"Wa Okoth?" Mzee akasogea ukutani kumpa nafasi. "Okoth pale Shabana alikuwa namba ngapi?"

"Tisa," nikasema mimi.

"Kumi!"

Binti alikuwa ameshatoa simu. Mzee akamfunika mkono kwa kiganja chake, taratibu, akasema weka kwanza. Lori likapiga honi pale kwenye kona, na hakuna aliyeinuka.