Shanti au tundu?

Nimekuwa kimya siku nyingi, wasomaji mniwie radhi. Leo sina habari za Linux wala seva. Nina habari za mpwa wangu, aliyezaliwa na kichwa maji.

Maji ya ubongo hutengenezwa kila siku, na lazima yapate njia ya kutoka. Njia ikiziba, kichwa hupanuka na ubongo hubanwa. Upasuaji uko wa aina mbili. Wa kwanza ni shanti: mpira mwembamba wenye vali, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Wa pili, daktari huingiza kamera nyembamba na kutoboa tundu ndani ya ubongo, maji yapate njia nyingine. Dkt. Benjamin Warf, akiwa Mbale, Uganda, aliongeza jambo kwa watoto wachanga: kuchoma tishu zinazotengeneza maji hayo. Hakuna kifaa kinachobaki mwilini.

Mimi nilishabikia tundu mara moja. Sisi waandishi wa programu tunaogopa mfumo unaotegemea kipande kimoja tu. Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa huko Mbale. Watoto 100 wa chini ya miezi 6, waliopata kichwa maji baada ya maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 12, ukuaji wa akili haukuonyesha mshindi.

Tofauti iko wapi basi? Iko kwenye wakati wa kuharibika. Tundu likikataa, mara nyingi hukataa katika miezi 6 ya kwanza. Shanti yaweza kuziba mwaka wowote.

Mpwa wangu ana shanti. Iliziba usiku, kijijini, akiwa na miaka 3. Alitapika, akalala usingizi usio wa kawaida. Zahanati ya karibu ikampa dawa ya malaria na kuwaambia warudi nyumbani. Dada yangu akakataa kutoka. "Huyu ana mpira kichwani," alirudia, hadi gari likaitwa. Alfajiri mtoto alikuwa chumba cha upasuaji. Leo yuko shuleni.

Upasuaji upi unamfaa mtoto, daktari ataangalia umri wake na chanzo cha ugonjwa. Wewe mzazi muulize hivi: ukiharibika, nitajuaje, na nitafika hospitali baada ya saa ngapi? Kutapika, kichwa kuuma, usingizi mzito, macho kutazama chini. Sisi tumeyaandika kwenye karatasi, tukaibandika mlangoni.