Nyumba Inayopumua: Safari ya Lamu kwa Shauri la Ukuta

Basi la kutoka Mombasa hukoma Mokowe. Safari iliyobaki ni ya mashua. Nilivuka asubuhi moja ya Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, na Mji wa Kale wa Lamu ukajitokeza mbele yetu, nyumba zake za mawe zikiegemeana ufuoni. Tangu mwaka wa 2001 mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na wageni huja kuutazama kwa ajili hiyo. Mimi nilikuja kwa jambo la nyumbani: kuangalia, kwa niaba ya ndugu zangu, kama nyumba ya marehemu babu iuzwe au itengenezwe.

Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba. Punda aliyebeba mchanga akipita, mtu hujibanza ukutani. Nje ya mji jua lilikuwa kali, lakini humo ndani, chini ya kivuli cha kuta ndefu na wikio zilizounganisha nyumba juu ya njia, nilipunga upepo hata nikasahau uchovu wa safari. Shangazi alinipokea dakani.

"Karibu mwanangu," akasema, "ila usiegemee ukuta."

Nilipoingia nikaelewa. Lipu ilikuwa imevimba na kubanduka hadi usawa wa kifua, na unga mweupe wa chumvi umejaa sakafuni. Nyuma ya kabati kuvu imetanda, na mabuibui yaliyotundikwa ndani yamenuka uvundo. Usiku nilimsikia mjukuu wa shangazi, mtoto wa miaka sita mwenye pumu, akikohoa hadi alfajiri. Ndipo nilipojua kwamba shauri letu si la fedha peke yake.

Kesho yake shangazi alimwita mwashi mmoja mzee wa mtaani. Aliugonga ukuta kwa vidole, akasikiliza, kisha akauliza, "Simiti hii nani aliyeipiga?"

Tulitazamana. Ni sisi. Miaka kumi na mitano nyuma tulichanga fedha tukaiondoa lipu kuukuu ya chokaa na kuipiga nyumba simiti, tukiamini tumemtendea wema shangazi.

"Mmeifunga pumzi," mzee akasema.

Akatueleza kwa upole. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Jiwe la namna hii lina vitundu vingi; huyanywa maji kutoka ardhini na kuyapandisha. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, basi maji yakifika usoni hukaushwa na upepo. Simiti ni nzito na ngumu, huifunga njia ile. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi yake huganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Tukipiga simiti juu ya simiti, twaongeza ugonjwa.

Kisha akatupeleka kiwandani, ule ua wa ndani ulio moyo wa nyumba. Tulikuwa tumeuezeka kwa karatasi za plastiki ili mvua isiingie. Mafundi wa kale walijua walilofanya: vyumba vyembamba, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wake, kuta nene zinazochelewa kupata joto, na kiwanda kilicho wazi, hewa ya moto ipande na kutoka. Tulipoufunika ua, joto likakosa mlango. Ndipo binamu yetu akaweka kiyoyozi katika chumba cha ndani na kuziba madirisha. Bili ya umeme ikapanda, na unyevu ukazidi, kwani hewa nzito ya pwani ikipenya na kuukuta ukuta baridi hutoa maji, kama yanavyojitokeza juu ya bilauri ya maji ya barafu.

Nilimuuliza mzee dawa yake. Akanitajia kwa mpangilio, akasisitiza kuwa mpangilio wenyewe ndio kazi.

Kwanza, maji ya juu: paa lizibwe panapovuja, mfereji wa mvua usafishwe, na bomba la choo litazamwe. Humo mna haki ya jirani pia, maana kuta za Lamu ni za ushirika, na maji ya choo chetu huweza kuoza boriti za nyumba ya pili. Pili, maji ya chini: njia ya nje iwe na mteremko, maji yasisimame penye msingi. Tatu, simiti ibanduliwe taratibu, jiwe lisivunjike, na ukuta uachwe ukauke kwa miezi, chumvi ikifagiliwa kwa brashi kavu wala si kwa maji. Nne, lipu ya chokaa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa na kunyunyiziwa maji isikauke ghafla. Kisha ipakwe chokaa nyeupe, wala si rangi ya mafuta. Mwisho, plastiki iondolewe kiwandani na madirisha yafunguliwe. Paa likipakwa chokaa nyeupe hurudisha sehemu ya jua, na feni hutosha mahali pa kiyoyozi kwa siku nyingi za mwaka.

"Na mvua ikiingia kiwandani?" nikauliza.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Ikiingia hukauka. Mama yetu alilea watoto wanane humu na mvua yake."

Nilirudi Mombasa na kipande cha lipu ndani ya mkoba. Katika kikao cha familia nilikiweka mezani, chumvi ikadondoka juu ya kitambaa. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeisimamia ile kazi ya simiti, alikishika kimya kwa muda mrefu. Hatukukubaliana yote: wawili bado wanataka kuuza. Lakini tulikubaliana kuanza na chumba anacholala mtoto, na kabla ya masika paa na mfereji viwe vimetengenezwa. Mengine yangoje ukuta ukauke.

Mama mwenzangu uliye katika nyumba ya mawe, iwe Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, kabla hujamwita fundi wa simiti sogeza kabati lako ulitazame nyuma yake. Ukiona unga mweupe, anza kwa kutafuta maji yatokako, kisha muulize mwashi wa zamani kuhusu chokaa. Sisi tulichelewa miaka kumi na mitano.