Kaa Chini Kwanza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Baba yako alinipigia jana akanieleza kuwa umejitolea kuwatembelea wazazi wapya hapo mtaani kwenu. Nilifurahi hata usingizi ukachelewa. Wa kwako ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili, hujasahau usiku wa tatu ulivyo: matiti yamejaa kama mawe, mtoto analia, nawe unalia naye. Nesi ana mizani na kadi. Wewe una usiku ule.

Ila nisikilize. Nilipokuwa na wawili wadogo, nilikwenda kumtazama jirani yangu aliyejifungua mtoto wa kwanza. Nilimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji wa pilipili manga limepoa hadi limefanya utando, hajaligusa. Akaniambia, "Dada, simpendi huyu mtoto." Nikamjibu upesi, "Vumilia, sote tumepitia." Akanyamaza. Tangu siku ile kila nikimuuliza hali, "nzuri tu". Alibeba mzigo ule peke yake miezi minne, mpaka mama yake alipokuja kutoka Pangani akampeleka hospitali. Alipona, alhamdulillahi, lakini neno langu ndilo lililomziba mdomo, na nalijutia mpaka leo.

Kwa hiyo ukifika, kaa chini kwanza. Nawa mikono, kunja nepi zilizoanuliwa, subiri. Akisema jambo, usimkimbilie na la kwako. Muulize, "Kisha ikawaje?" Ya kwako atayaomba mwenyewe.

Utaulizwa sana habari za maziwa. Mama mkwe atasema hayatoshi, mtoto apewe maji au uji. Usibishane naye mbele ya mkwewe, maana wewe utaondoka na mzazi atabaki naye. Mkaribishe, mumtazame mtoto pamoja. Baada ya wiki ya kwanza, akilowesha nepi mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi, maziwa yanatosha. Miezi 6 ya mwanzo hahitaji hata tone la maji, hata kwa joto hili la kwetu. Na dang'a, yale maziwa ya njano ambayo wengi wetu zamani tuliyakamua tukayamwaga, mtoto ayapate tangu saa ya kwanza. Chuchu zikichanika, tazama anavyoshika. Kama ameng'ang'ania chuchu tupu, mama apenyeze kidole pembeni mwa mdomo amtoe taratibu, asubiri apanue mdomo wote, kisha mtoto ashike na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kikigusa titi.

Yako mambo ya kukimbiza. Mtoto akigoma kunyonya, akipata homa au degedege, akipumua kwa kasi. Mama akitokwa na damu nyingi, akiumwa kichwa huku macho yanafifia, au akisema afadhali afe: inuka naye mwende kituo cha afya, hata kama ni usiku wa manane.

Baba wa mtoto usimruke. Msalimie, mpe mtoto ambebe. Wengi wanasimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyewaambia waingie.

Uliyoambiwa chumbani yaishie chumbani, hata mumeo asiyasikie. Nawe utaelemewa, najua. Ijumaa baada ya Isha nipigie. Majina usinitajie, wala nyumba. Nieleze tu kilichokukaa moyoni, nami nitakusikiliza.

Shangazi yako